Paswadi ya diski yako isiibiwe: mambo ya kufanya kabla laptopu haijakutoka mkononi

Hebu tulimalize hili kwanza manake ndipo watu wengi hujidanganya. Ile paswadi unayoandika Windows ikishawaka si paswadi ya diski, hiyo ni ya kuingilia tu. Mtu akikupokonya laptopu pale stejini Mwembe Tayari hana haja ya kuijua hata kidogo, achukua bisibisi, atoa diski, aichomeka kwa adapta ya USB, aiweka kwa kompyuta yake na faili zako zote ziko pale, picha za harusi, skani ya kitambulisho, mikataba ya wateja, kila kitu. Ni sawa na kufunga mlango wa mbele kwa kufuli mbili na huku nyuma hakuna ukuta.

Paswadi ya BIOS, ile programu ndogo ya madabodi inayowaka kabla ya Windows, nayo hadithi ni ile ile. Kompyuta nyingi za mezani ukitoa ile betri ya duara, CR2032, kwenye madabodi, paswadi yafutika, na hata isipofutika diski si yatolewa tu yapelekwa kwengine. Kuna na ile yaitwa HDD Password mle mle ndani ya BIOS, hii angalau hukaa kwa diski yenyewe, ukiihamisha yakataa kusomwa. Lakini diski nyingi za zamani za kuzunguka data ndani yake haijafichwa, ni diski tu imeambiwa ikatae, na watu wa kuokoa data wana vifaa vya kuipita. Tena ina balaa lake, kila kampuni ya laptopu huigeuza hiyo paswadi kivyake kabla ya kuipeleka kwa diski, kwa hivo laptopu ikifa ukahamisha diski kwa laptopu ya kampuni nyingine waweza kuandika paswadi sahihi kabisa na ukakataliwa na mali ni yako. Mimi siipendi na simshauri mtu.

Kinachofanya kazi ni enkripsheni ya diski nzima. Windows wana BitLocker, Mac ina FileVault, Linux ina LUKS, na kuna VeraCrypt ambayo ni ya bure na yaingia kote. Hizi huivuruga data yote kwenye diski, bila ufunguo ni takataka tupu. Na hesabu yake ya kuvurugia, yaitwa AES, hakuna mwizi wa Mombasa wala wa Nairobi atakayekaa aivunje, wala hatajaribu. Kwa hivo akiitaka data yako kweli atatafuta paswadi, ama atatafuta ufunguo wa akiba, na vitu hivo viwili haviko ndani ya hesabu, viko kwa makaratasi, kwa simu, kwa imeili, kwa fundi, kwa macho ya aliyekaa nyuma yako. Shughuli yote iko hapo.

Jua uko wapi kwanza

Kwa Windows bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya Start, chagua Terminal (Admin), uandike manage-bde -status kisha enta. Tafuta sehemu ya C: na usome mstari wa Protection Status. Ikiwa On, sawa. Ikiwa Off na juu yake yasema diski imeenkriptiwa asilimia 100, usifurahi, hiyo yamaanisha diski imevurugwa ndio lakini ufunguo umeachwa wazi pale pale juu ya diski, na hali hii iko kwa laptopu nyingi ambazo mwenyewe hakumaliza kuingia na akaunti ya Microsoft. Wewe waona imefungwa na haijafungwa.

Windows 11 ukiiweka upya toleo la 24H2, lile la 2024, yenyewe huwasha enkripsheni hata kwa Windows Home, ile ya kawaida ya nyumbani, ukiingia na akaunti ya Microsoft, na watu wengi hawajui kama wanayo. Jambo zuri lakini lina mtego, ntaufikia kwenye ufunguo wa akiba.

Wa Mac, nenda System Settings, Privacy & Security, FileVault, uwashe. Kule paswadi ya kuingilia ndo hiyo hiyo yafungua diski, kwa hivo ukiwa umeweka 1234 umejimaliza. Wa Linux, Ubuntu yakuuliza wakati wa kuiweka, ukisharuka hapo kurudi nyuma ni kazi, bora uweke upya.

Pini ya kuwashia

BitLocker ya kawaida haikuulizi kitu ukiwasha. Ufunguo umekaa ndani ya chipu moja yaitwa TPM, kompyuta ikiwaka chipu yautoa wenyewe, Windows yafunguka mpaka kwenye skrini ya paswadi. Hii yazuia yule wa kutoa diski, lakini yule aliyebeba laptopu nzima tayari ana kufuli na ufunguo kwa mkoba mmoja. Mwaka 2024 kuna mtafiti mmoja, ajiita stacksmashing, alionyesha kwa video ameunganisha kijibodi cha Raspberry Pi Pico, kitu cha chini ya dola 10, kwenye laptopu moja ya zamani kidogo na akausoma ufunguo wa BitLocker ukipita kutoka kwa TPM kwenda kwa prosesa, sekunde 43 kazi imekwisha. Laptopu za siku hizi nyingi TPM iko ndani ya prosesa kwa hivo hakuna waya wa kusikiliza, lakini zile ex-UK, mitumba ya kutoka Uingereza, tunazonunua hapa town nyingi ni za miaka ya nyuma na chipu iko kivyake.

Dawa ni pini kabla ya Windows kuwaka. Yataka Windows Pro. Fungua gpedit.msc, uende Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, BitLocker Drive Encryption, Operating System Drives, ufungue Require additional authentication at startup uweke Enabled. Alafu rudi kwa Terminal ya admin uandike manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN, yakuuliza pini mara mbili, restati uone kama yaitisha kabla ya chochote. Isipoitisha hujamaliza. Pini yaanzia tarakimu 6.

Ukiwa na Home hii huna. Hapo ama ulipie Pro, ama utumie VeraCrypt kuenkripti diski ya mfumo, kuna menyu ya System, Encrypt System Partition. Zima kwanza Device encryption ya Windows usubiri imalize kufungua, alafu VeraCrypt itafanya jaribio la kuwasha kabla haijagusa data, ukipita ndo yaanza. Bekapu kwanza, hiyo sibishani na mtu. Na weka chaja, BitLocker na VeraCrypt zote zaweza kusimama na kuendelea, lakini kama betri yako imekufa na laptopu yaishi kwa waya, stima ikipotea katikati utajua mwenyewe roho yako ilivokwenda mbio.

Sasa kuna tofauti moja hapa ambayo watu huichanganya na ndo yaamua paswadi yako iwe ya namna gani. Pini ya BitLocker yalindwa na chipu. TPM 2.0 kwa Windows yakubali makosa 32 alafu yafunga, baada ya hapo yakupa jaribio moja kila dakika 10. Piga hesabu, majaribio 144 kwa siku, na pini za tarakimu 6 ni milioni moja, azimalize zote ni zaidi ya miaka 18. Kwa hivo pini fupi yatosha, mradi isiwe tarehe ya kuzaliwa mtoto, isiwe mwaka ulioowa, na isiwe pini yako ya M-Pesa imeongezwa mbili mbele, manake mwizi wa hapa simu na laptopu huzichukua pamoja na ataanza na hizo.

VeraCrypt na LUKS za kawaida hazina chipu ya kuzilinda. Mwizi akinakili diski yaenda nyumbani kwake, ama kwa mtu mwenye kadi za grafiki za nguvu, zile za michezo ya kompyuta, na programu yakisia usiku na mchana hakuna wa kumwambia ngoja. Hapo tarakimu 6 si kitu. Hapo wataka maneno.

Maneno yenyewe

Tafuta dado, hizi za ludo zatosha. Kuna orodha ya maneno ya 2016 ya EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za mtandaoni, ina maneno 7,776, na kila neno lina namba ya tarakimu tano za 1 mpaka 6. Warusha dado mara tano, wapata kama 4-2-6-1-3, waenda kwa namba hiyo wachukua neno lake, basi, warudia mpaka upate maneno sita. Maneno sita ya namna hii mchanganyiko wake ni namba ya tarakimu 24, wala hakuna mtu wa kukisia hapo. Orodha ni ya Kiingereza, ukitaka Kiswahili chukua kamusi unakili maneno 1,296 mafupi unayoyajua, uyape namba za dado nne badala ya tano, alafu utumie maneno manane badala ya sita. Ni kazi ya jioni moja, na wana nyumba wakusaidie kuandika orodha, orodha si siri, siri ni dado zilivoanguka.

Maneno yachaguliwe na dado usichague wewe. Mtu akiachiwa achague ataandika Mombasa001, ataandika jina la timu, ataandika namba ya tuktuk yake. Wengine hujiona wajanja wachukua methali nzima ama beti ya taarab, ni ndefu ndio lakini programu za kukisia hulishwa vitabu na nyimbo na mtandao mzima, mstari uliokwisha kuandikwa mahali si siri. Na usijishughulishe kubadilisha a kuwa @ na o kuwa 0, hizo mbinu wenye kukisia paswadi walizijua zamani sana.

Siku za kwanza yaandike kwa karatasi ukae nayo mfukoni, washa na uzime mara kadhaa kwa siku mpaka vidole vijue, alafu karatasi ichome. Ichome kweli, usiichane ukatupa kwa ndoo.

Ufunguo wa akiba, hapa ndo paswadi huibiwa

Ukiwasha BitLocker yakupa ufunguo wa akiba, kwa skrini waandikwa recovery key, tarakimu 48. Huu ukiwa nao hauhitaji pini, hauhitaji chipu, diski yafunguka popote. Kwa hivo waweza kuweka pini nzuri na ufunguo huu ukauacha mahali pa kijinga na kazi yote ikawa bure. Na watu huuacha wapi? Hupiga picha kwa simu, picha yapanda yenyewe kwa wingu. Hujitumia WhatsApp. Huuweka kwa Desktop ya laptopu ile ile, faili jina lake recovery key, hiyo wala sisemi. Na huu wa hapa kwetu, huutuma kwa namba ya saiba uprintiwe, sasa ufunguo wako umekaa kwa WhatsApp ya saiba, kwa folda ya Downloads ya kompyuta ya saiba, na pengine na karatasi ya kwanza iliyotoka vibaya iko chini ya meza yafungiwa mahamri.

Uandike kwa mkono. Najua tarakimu 48 zachosha lakini zimegawanywa mafungu manane ya sita sita, na kuna kitu kizuri sana ambacho wengi hawakijui, kila fungu lagawanyika kwa 11 bila kubaki kitu. Ukishaandika chukua kikokotoo cha simu, gawanya kila fungu kwa 11, kwa mfano 123453 yakupa 11223 kamili, sawa. Ukipata desimali umekosea tarakimu, rudi uangalie. Usiandike mafungu yote kwa simu, moja moja ufute.

Kalamu ya risasi ama wino mzuri juu ya karatasi ya kawaida, si karatasi ya risiti, ile hufifia na joto la huku mpaka yabaki nyeupe. Itie kwa plastiki manake unyevu wa pwani waujua. Nakala mbili, nyumba mbili, moja kwako na hati zako na nyingine kwa mtu ambaye ungemwachia hati ya shamba, dada yako Kisauni, mama Likoni. Usimwandikie ni ya nini, andika namba tu ndani ya bahasha. Na isikae ndani ya mkoba wa laptopu, nimeona mkoba wa jamaa mmoja una kijimfuko kidogo ndani na karatasi imekunjwa mle na juu imeandikwa kwa herufi kubwa LAPTOPU, mwizi afanye nini tena.

Sasa ule mtego niliosema. Laptopu ikijienkripti yenyewe kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo wa akiba wawekwa mle ndani ya akaunti. Ni salama ikiwa akaunti ni salama, lakini watu wengi akaunti yenyewe walifunguliwa na muuzaji siku ya kununua, imeili hawaijui, paswadi waliwekewa, wakatoka dukani wamefurahi. Hapo yule muuzaji ndo mwenye ufunguo wa diski yako, si wewe, na siku Windows ikiitisha tarakimu 48 huna pa kwenda. Ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey na akaunti yako mwenyewe uone kama upo. Kama laptopu yako imefungwa kwa akaunti ya mtu mwingine, itoe uingize yako, alafu utengeneze ufunguo mpya: manage-bde -protectors -delete C: -type RecoveryPassword, kisha manage-bde -protectors -add C: -RecoveryPassword, uandike zile mpya zitakazotokea. Ule wa zamani alionao yule haufungui tena.

Na hiyo akaunti uiwekee uthibitisho wa hatua mbili kwa app ya simu, si kwa SMS, manake namba za simu hapa kwetu huibiwa kwa kubadilishwa laini na SMS zaenda kwa mwizi. Wa Mac ufunguo wenu ni herufi na namba 24, mambo ni yale yale, ila kugawanya kwa 11 hamna.

VeraCrypt haina ufunguo wa akiba wa namna hii, yakutengenezea Rescue Disk uweke kwa flashi. Flashi hiyo bila paswadi haifungui data. Lakini ukibadilisha paswadi baadaye, ile flashi ya zamani bado yafanya kazi na paswadi ya zamani, kwa hivo tengeneza mpya na ya zamani uifute kabisa ama uivunje.

Kwa fundi

Sina ugomvi na mafundi, wengi ni watu wa heshima na mkate wao wategemea jina zuri. Lakini swali la kwanza utakaloulizwa ukipeleka laptopu ni, boss, paswadi ni gani? Na huandikwa kwa stika, stika yabandikwa juu ya laptopu, laptopu yawekwa kwa rafu na kila apitaye aisoma. Skrini, kibodi, tundu la chaja, feni, betri, vyote hivi havihitaji Windows, fundi aweza kuingia BIOS aone skrini yawaka na vitufe vyashika na chaji yaingia. Mwambie kwa upole, fundi wangu, jaribu ndani ya BIOS, ikihitajika Windows nipigie nije. Ni kawaida tu, atakubali, na asiyekubali kabisa nenda kwa wa pili.

Bora zaidi toa diski kabla hujapeleka. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni diski ni kijibapa chembamba cha M.2 chashikwa na skrubu moja, wafungua kifuniko cha chini, watoa, watia kwa bahasha, waacha nyumbani. Nyingine imechomelewa kwa madabodi hiyo haitoki.

Ukirudishiwa laptopu andika tena manage-bde -status. Kuna kitu chaitwa kusimamisha BitLocker, suspend, fundi akiupdeti BIOS hulazimika kufanya hivo na si kosa, lakini wakati imesimamishwa ufunguo uko wazi juu ya diski, na wengine husahau kurudisha. Ikiwa Off andika manage-bde -protectors -enable C:. Ikiwa alibadilisha madabodi, chipu si ile tena, utaulizwa tarakimu 48, ziandike wewe mwenyewe kwa mkono wako usimsomee mtu kwa simu, alafu utengeneze ufunguo mpya kama nilivosema juu. Pini nayo yabadilishwa kwa manage-bde -changepin C:.

Na kuna kubadilisha na kubadilisha. Ukibadilisha pini ama paswadi, ufunguo wa ndani kabisa unaovuruga data haubadiliki, ni ule ule tangu siku ya kwanza. Kwa hivo ukiwa na wasiwasi wa kweli, mtu aliijua paswadi na alikaa na mashine usiku kucha, kubadilisha paswadi pekee hakutoshi, fungua enkripsheni yote uanze upya, ama ufomati. Yachukua saa kadhaa, iache usiku.

Kulala si kuzima

Hii ndo tabia inayoangusha hata wajuzi. Ukifunga kifuniko laptopu yalala, haizimi, na ufunguo wa diski bado uko ndani ya RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba RAM ukiikatia umeme haisahau pale pale, yabaki na data sekunde kadhaa na ukiipuliza baridi yabaki dakika, wakaisoma na kutoa funguo za BitLocker na FileVault na nyenginezo za wakati ule. Mwizi wa tuktuk hawezi hayo, lakini laptopu iliyolala imefunguliwa nusu, na yeyote atakayeinunua kwake ana muda wote.

Nenda Control Panel, Power Options, Choose what closing the lid does, uweke Hibernate. Ikiwa hakuna, andika powercfg /hibernate on kwa Terminal ya admin alafu urudi. Hibernate yamwaga RAM yote ndani ya diski iliyoenkriptiwa na yazima, ukiwasha pini yaitishwa. Yachelewa kidogo kuamka, basi. Ukiwa wavuka feri ama wapanda matatu ya Mtwapa usiku, izime kabisa.

Macho na vidole

Pini na maneno yako yaandike kabla hujazungukwa. Ukiwa mkahawani washa laptopu umeegemea ukuta, na angalia juu, ofisi nyingi kamera iko nyuma ya mabega yako yaangalia kibodi moja kwa moja na hakuna aliyekusudia ubaya ila rekodi ipo. Paswadi ya diski usiiandike kamwe kwa kompyuta isiyo yako, hata kama ni kufungua flashi tu haraka haraka uprinti, kompyuta ya saiba yaweza kuwa na programu ya kunasa vitufe na mwenye saiba mwenyewe hajui.

Wa kompyuta za mezani, mara moja moja inama uangalie nyuma. Kuna vijidude hukaa kati ya waya wa kibodi na tundu la USB, vidogo kama kidole, vyarekodi kila herufi ikiwemo ile ya kabla Windows kuwaka, na antivairasi haivioni ng'o. Kibodi zisizo na waya za bei rahisi pia nina shaka nazo, 2016 watafiti wa Bastille, kampuni ya usalama, walikuta za kampuni nane zatuma herufi hewani bila kufichwa, mtu wa jirani aweza kuzisoma. Kwa paswadi ya diski tumia kibodi ya laptopu yenyewe ama ya waya.

Windows na Office za kuvunjwa zile za kupewa kwa flashi, ndo njia rahisi zaidi ya kuingiziwa kinasa vitufe, na hapo hata dado zako zote hazina maana. Na ukipigiwa simu na mtu ajiita wa Microsoft ataka umsomee tarakimu 48, kata.

Diski za nje

Haraka haraka hizi. BitLocker To Go kuifunga flashi yataka Pro lakini kuifungua Home yaweza. Usiweke auto-unlock kwa kompyuta ya ofisi ya watu wengi. Diski za SSD zinazojisifu zajienkripti zenyewe, usizitegemee peke yake, 2018 watafiti wa Radboud kule Uholanzi walizifungua za Samsung na Crucial kadhaa bila paswadi sahihi, na mwaka uliofuata Microsoft wakaifanya BitLocker isiziamini tena, itumie enkripsheni yake yenyewe. Wacha programu ifanye kazi.

Ikiibiwa

Usikae kulia, tafuta kompyuta ama simu unayoiamini, badilisha paswadi ya imeili kwanza manake ndo mlango wa zingine, alafu benki, alafu mitandao, na utoe ile laptopu kwenye orodha ya vifaa vya akaunti yako. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe upewe namba ya OB, na upeleke serial namba ya mashine, iko kwa boksi ama kwa risiti, kwa hivo piga picha ya stika ya chini leo leo wakati laptopu ingali yako.

Ikiwa ndani mlikuwa na data za wateja ama wagonjwa ama wanafunzi, sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 yampa mwenye kushika data saa 72 tangu ajue, amwarifu Kamishna wa Data. Wenye data wenyewe nao huarifiwa, lakini sheria hiyo hiyo yasema si lazima ikiwa data ilikuwa imelindwa ipasavyo, na enkripsheni imetajwa. Kwa hivo ile picha ya manage-bde -status ikionyesha Protection On, ichukue kwa simu kila mwezi na uihifadhi na tarehe yake, hii haina siri yoyote ndani, hii waweza kujitumia WhatsApp utakavyo.